Naomba ushauri: mashindano ya baiskeli na ramani Menengai

Ndugu wanachama, tunakusudia kuandaa hapa Nakuru mashindano ya baiskeli za milimani ambamo kila mshiriki hujitafutia njia kwa ramani, akipitia vituo vyote kwa mpangilio uliowekwa. Kinachonitatiza ni ramani yenyewe: mchezo huu hutumia skeli kama 1:15,000 au 1:20,000, na kila njia huchorwa kulingana na wepesi wake wa kupitika kwa baiskeli, ilhali vijia vya msitu wa Menengai hubadilika kila baada ya masika (na ng'ombe nao huongeza vyao). Je, nizikague njia zote upya, au picha za setilaiti zitatosha? Aidha, wanaoanza wapangiwe umbali gani, ikizingatiwa kwamba ukingo wa kreta ya Menengai (shimo kubwa la volkano) unafikia mita 2,278 juu ya usawa wa bahari?