Tupeane uzoefu: vijiwe vya chai na misosi ya Kiasia vilivyokulea, ugenini au hapa hapa nyumbani

Mvuta Chai (mwanzisha mada)

Wakuu, juzi nimevunja glasi ya tatu. Nilikuwa najaribu kuvuta chai kama walivyokuwa wanavuta wale jamaa wa Kuala Lumpur: mkono mmoja juu ya kichwa, mwingine kiunoni, chai inashuka katikati kama kamba. Yangu ilishuka sakafuni. Mke wangu akaniuliza, "Hivi chai ya kawaida imekukosea nini?" Nikakosa jibu, ndiyo maana nimekuja huku.

Nilikwenda Malaysia kusoma mwaka 2012. Nilifika hosteli saa saba usiku, njaa inauma, simjui mtu. Mlinzi akaninyooshea kidole ng'ambo ya barabara: taa nyeupe kali, viti vya plastiki, feni zinazunguka, watu wamejaa utadhani ndiyo kwanza jioni inaanza. Hapo ni mamak. Mamak ni migahawa ya Wahindi Waislamu, wengi asili yao Watamil wa kusini mwa India, na mingi haifungi usiku wala mchana. Kila mtu anamwita mwenzake "boss". Mhudumu anakuita boss, na wewe unamwita boss.

Niliomba chai. Ikaja yenye rangi ya tofali, povu juu, tamu mpaka meno yakashtuka. Ile ndiyo teh tarik, chai ya kuvutwa: majani makali, maziwa mazito ya kopo yenye sukari, inamiminwa kutoka chombo hiki kwenda kile ipoe kidogo na itoe povu. Ilinichukua wiki mbili kujua neno la kuniokoa: kosong. Maana yake tupu. Teh o kosong ni chai isiyo na maziwa wala sukari. Roti kosong ni roti, yaani chapati yao, isiyotiwa yai wala kitunguu. Ukishajua kosong, na ukajua kusema "kira, boss" ukitaka kuhesabiwa deni lako, wewe si mgeni tena.

Hiyo roti canai yenyewe nilikuwa naikalia mbele kabisa niione inavyotengenezwa. Madonge yamelala kwenye mafuta tangu mapema. Fundi analichukua moja, analibamiza, analirusha hewani mpaka linakuwa jembamba kama khanga iliyofuliwa mara nyingi, analikunja, linaingia kwenye chuma. Likiiva analishika kwa viganja viwili na kulipigia makofi ili matabaka yaachane. Pembeni mchuzi wa dengu na wa samaki. Wakati huo ringgit moja na senti ishirini ilitosha kununua roti moja, kwa hiyo mwanafunzi asiye na kitu alikula roti tatu na kuketi saa nne akitazama mpira.

Lakini kilichonitoa machozi kilikuwa nasi lemak. Mwezi wa pili nikiwa na homa ya nyumbani, mama mmoja wa Kimalay alikuwa anauza asubuhi karibu na kituo cha basi, vifurushi vidogo kwenye jani la mgomba. Nikafungua kimoja: wali wa nazi, dagaa waliokaangwa wakakauka, karanga, tango, nusu yai na pilipili iliyosagwa ikapikwa na vitunguu. Nikaganda. Wali wa nazi na dagaa! Bibi yangu wa Tanga angekaa pale akala bila kuuliza swali hata moja, isipokuwa labda "hizi karanga zimefuata nini?"

Kuna muhula fedha za kujikimu zilichelewa sana, sitamtaja aliyezichelewesha. Yule fundi wa roti akaniambia kula, utalipa. Akaniandika kwenye daftari. Siku ya kulipa nikalichungulia: hakuwa anajua jina langu, aliandika "Africa tinggi", Mwafrika mrefu. Kurasa mbili nzima.

Mwishoni mwa 2024 UNESCO waliingiza utamaduni wa kifungua kinywa cha Malaysia kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika, pamoja na nasi lemak, roti canai na teh tarik. Nikajiona nimechangia, maana mimi nilifungua kinywa pale miaka minne.

Haya, leteni yenu. Si lazima iwe Malaysia. Kijiwe chochote cha chai, kahawa au msosi wa Kiasia kilichokuweka mjini.

Pangu Pakavu

Nipo siti ya mbele na kikombe changu. Mkuu, kurasa mbili za deni la roti?

Mvuta Chai

Mbili na robo. Ile robo alinisamehe.

Bint Vuga

Assalaam alaykum. Mie nitawapeleka Muscat.

Ami yangu ni katika wale waliokwenda Oman baada ya 1970, Sultan Qaboos alipoingia na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi. Kwa hiyo nyumbani kwake Kiswahili kimejaa mpaka jikoni, mandazi, samaki wa kupaka, kila kitu. Lakini jioni hanywi chai nyumbani. Hutuingiza garini sote, tukaenda kwenye kofishopu.

Msifikirie pahala pa fahari. Kofishopu la Oman ni kibanda cha milango miwili, meza tatu nje, na karibu kila aliyemo ndani ametoka Kerala. Wala hushuki garini. Unapiga honi mara moja, kijana anakuja mbio, anasikiliza dirishani, anarudi na sinia. Karak ndiyo mwenyewe: chai ya maziwa ilotokota mpaka ikawa nzito, iliki imo, na wengine hutia zafarani. Neno lenyewe limetokana na Kihindi, "kadak", yaani kali. Nilipokuwa huko kikombe kilikuwa baisa mia moja, na rial moja ni baisa elfu moja, basi piga hesabu.

Na paratha! Wanaitandaza, wanapaka jibini laini, wanavunjavunja ndani yake vibanzi vya pakiti vya pilipili viitwavyo Chips Oman, wanazungushia pilipili ya chupa, wanakunja. Nilipoambiwa nilicheka. Mkate na vibanzi vya dukani, ndiyo chakula? Nilipotafuna nikanyamaza. Laini nje, ndani kunalia kwaru kwaru.

Yule kijana alikuwa ameshajifunza Kiswahili cha watu wa pale. Ami akisema "sukari kidogo", yeye hujibu "kidogo sana au kidogo ya Unguja?" Maana keshajua kidogo ya Unguja ni vijiko vitatu.

Mwanzisha mada, nikuambie kitu. Hata Kerala wanavuta chai. Wale wa Muscat walikuwa wakivuta, na sikumuona hata mmoja akitumia glasi kumiminia. Wana vikopo vya chuma. Anza chini chini, vikaribiane, kisha pandisha mkono pole pole chai ikiwa tayari inashuka. Wewe umeanzia juu ya kichwa, glasi ina kosa gani?

Mwana wa Kisauni

Nyinyi mwaenda mbali sana. Mimi nimezaliwa Mombasa, chakula cha Kiasia nimekikuta barazani. Viazi vya karai vimevikwa unga wa dengu na manjano, ukwaju pembeni, bajia, sambusa, kababu, kachori. Hata hayo majina twayatamka kila siku bila kukumbuka yalikuja na jahazi gani. Chapati je? Muulize mtu wa bara akwambie chapati ni chakula cha nani, atakwambia ni cha Krismasi kwao!

Nilipohamia Nairobi kwa kazi ndipo nikakutana na bajia za maru: kiazi kimekatwa duara nyembamba, kimechovywa kwenye unga wa dengu wenye dhania, kikakaangwa kimoja kimoja, na chatne ya nyanya nyepesi ya baridi. Hiyo ni kazi ya Wahindi wa Nairobi. Ijumaa mshahara ukiingia, hapo hapo.

Nina lalamiko moja lakini. Kuna mahali, sipataji, migahawa mingi imepangana chini ya paa moja. Ukiingia tu wahudumu kumi wanakukimbilia, kila mmoja ana menyu yake, wanakuvuta huku na kule utafikiri makanga wa matatu. Nimewahi kukaa kwenye kiti, nikaletewa maji na mgahawa mmoja, naan na wa pili, na bili na wa tatu.

Pangu Pakavu

Bili ya wa tatu ulilipa?

Mwana wa Kisauni

Nililipa ndugu yangu. Nilikuwa na msichana.

Mzigo wa Kariakoo

Guangzhou, China, 2014. Nilikwenda kufunga mzigo wa nguo kwa mara ya kwanza. Wenyeji wangu walinipeleka Xiaobei, mtaa unaojaa wafanyabiashara wa Kiafrika, wakanionyesha hoteli wakaondoka. Mimi siku mbili nakula biskuti. Naogopa nguruwe, na siwezi kusoma chochote.

Siku ya tatu nikaona kibao cha kijani kina maandishi ya Kiarabu: halal. Ndani kuna mzee kavaa kofia nyeupe kama ya mzee wangu, anagonga unga kwenye meza, pa! pa! Anauvuta mikono miwili, anaukunja, anauvuta tena. Tambi moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne, ghafla ana shada zima mkononi na kisu hakijagusa. Ndizo tambi za Lanzhou, za supu ya ng'ombe. Lanzhou ni mji wa kaskazini magharibi huko Gansu, ila nilikuja kuambiwa wengi wenye vibanda hivi huku kusini wametoka Qinghai, jirani yake, ni Waislamu wa kabila la Hui. Unachagua hata unene wa tambi: nyembamba kama uzi, ya kawaida, au pana kama mkanda.

Bakuli likaja. Supu angavu inayoonyesha chini ya bakuli, vipande vya figili, nyama imekatwa nyembamba mno (hapo niliona ubahili), majani ya kotmiri, mafuta ya pilipili yanaelea. Vile vijiti vilinishinda. Kila nikiinua tambi inarudi ndani na kunirushia supu kwenye shati. Mtoto wa mwenye duka, wa miaka kama saba, akaja akasimama kunitazama kama sinema. Akaenda akaniletea uma, akaubwaga mezani, akaondoka bila neno.

Tangu hapo kila safari chakula changu cha kwanza ni pale. Kichina changu ni maneno matatu, "bu yao la", sitaki pilipili. Biashara yote iliyobaki nafanya kwa kikokotoo.

Baharia Mstaafu

Vijana mmenikumbusha Singapore. Meli ikitia nanga siku mbili tatu sisi tulikuwa tunakimbilia kopitiam. Kopi ni Kimalay, tiam ni duka kwa Kihokkien, aina ya Kichina, maneno ya watu wawili yameoana. Sakafu ya marumaru, meza za duara, wazee wanasoma gazeti.

Kahawa yao buni hukaangwa na sukari na siagi ya mimea mpaka inakuwa nyeusi tii, halafu wanaichuja kwenye mfuko wa kitambaa mrefu, nyinyi mngeuita soksi. Siku ya kwanza nilimwambia mwenzangu wa Lamu kwamba hawa wametupikia soksi. Kopi o ni ya sukari bila maziwa, kopi c ina maziwa ya kopo yasiyo matamu, kopi peke yake usiiagize kama una kisukari.

Wanakuletea na mkate wa kuokwa uliopakwa kaya, yaani mayai, tui la nazi na sukari vilivyopikwa polepole mpaka vikaganda, pamoja na kipande kinene cha siagi ya baridi. Hapo sawa. Shida ni mayai mawili yaliyochemshwa nusu, yanatetemeka kwenye kisahani, unayatia sosi ya soya na pilipili manga, unayanywa. Mimi nililelewa na mama aliyechemsha yai mpaka lina duara la kijani ndani. Nilimpa wa Lamu.

Ila niliona jambo. Mzee wa Kichina, miaka themanini hivi, akamimina kahawa yake kwenye kisahani, akapuliza, akanywa humo. Babu yangu Pangani alikuwa akinywa chai vile vile, akituambia kikombe ni cha kubebea tu. Nami nikamimina yangu kisahanini. Yule mzee akanitazama, akainua kisahani chake kidogo. Hatukuzungumza.

Na ukiona pakiti ya tishu juu ya meza tupu, usikae. Meza ina mwenyewe, kaenda kupanga foleni. Mimi nilizichukua nikafutia mdomo.

Dada wa Masaki

Swali jepesi kwa watu wa Visiwani: urojo tuuweke kwenye uzi huu au hauhusiki? Ukwaju, embe bichi, manjano, bajia, kachori, chatne ya nazi... Rafiki yangu wa Mumbai nilimpeleka Forodhani akasema anavijua vyote kimoja kimoja, ila hajawahi kuviona vimewekwa bakuli moja.

Bint Vuga

Umeshajijibu. Vipande vya kwao, bakuli letu. Na tafadhali usiite "Zanzibar mix" mbele yangu, hilo jina waachie watalii.

Mwana wa Kisauni

Hapa Mombasa pia tuna...

Bint Vuga

Mnao. Hauna mihogo ya kukaanga juu yake. Nenda kalale.

Mvuta Chai

Nimerudi wakuu. Nimefuata maneno ya Bint Vuga, nimenunua vikombe viwili vya bati Kariakoo, nimeanza chini chini, nikapandisha mpaka usawa wa kifua. Povu limepatikana! Si la mamak, lakini ni povu. Mwanangu wa miaka minne amekunywa akaomba tena, nikamwambia sema "kosong" akasema "kosongo".

Mke wangu ameionja, akasema ni nzuri. Kisha akaniuliza ukuta unaoshwa leo au kesho.