Mdogo wangu anauza kiwanja kwa ajili ya kundi la dini, naomba ushauri

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Mdogo wangu wa kike alialikwa mafunzo ya Biblia ya bure nyumbani kwa rafiki; jina la kundi aliambiwa baada ya miezi mitatu. Sasa ameacha kazi, hataki wanawe waende hospitali, na anatafuta mnunuzi wa kiwanja alichoachiwa na baba. Naogopa kweli. Kule Kanungu, Uganda, waumini waliuza mali kwanza, kisha Machi 2000 wakateketea kanisani. Shakahola, Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya waumini wa kundi lililohubiri kufunga hadi kufa.

Nilibishana naye kwa maandiko, akaacha kupokea simu zangu. Anaongea na mama tu.

Mama amwambie nini asije akamkimbia na yeye? Na je, tunaweza kuweka zuio kiwanja kisiuzwe, wakati hati ina jina lake?