Naomba ushauri: kuweka ukomo wa viungo kati ya nodi katika JointJS
Ndugu wanajamvi, habari za kazi. Ninatengeneza kihariri cha michoro ya mtiririko kwa JointJS (maktaba ya JavaScript ya kutengenezea michoro), ambamo nodi (kisanduku cha mchoro) ya mwanzo inapaswa kutoa kiungo (mshale wa kwenda nodi nyingine) kimoja tu, nodi ya uamuzi viwili, na ya mwisho isitoe chochote. Nimeandika sharti ndani ya validateConnection (kitendakazi ambacho JointJS hukiita ili kukubali au kukataa kiungo kinachovutwa), likihesabu viungo vinavyotoka kwa kutumia getConnectedLinks (inayorudisha viungo vya nodi), nalo linafanya kazi vizuri mtumiaji anapovuta kiungo kwa kipanya (mradi nikumbuke kuwa kiungo kinachovutwa tayari kimo kwenye grafu (data ya mchoro mzima), hivyo hujihesabu chenyewe).

Tatizo ni mchoro uliohifadhiwa: ukifunguliwa kwa fromJSON (inayopakia mchoro kutoka data ya JSON), sharti hilo haliitwi kabisa, na viungo vya ziada huingia bila pingamizi. Nimejaribu kusikiliza tukio la add (hutokea kipande kimoja kinapoongezwa), lakini fromJSON hutoa reset (tukio moja kwa vipande vyote) badala yake. Isitoshe, kufuta kimyakimya kiungo alichochora mtu naona si uungwana.

Je, ni bora kuhakiki data kabla ya kuipakia, au kuipakia kisha kuvitia alama viungo vilivyozidi? Na sharti hilo moja niliweke wapi ili litumike pande zote mbili bila kuandikwa mara mbili?