Niombe leseni ya bastola au niache? Niko Kisauni, Mombasa

Mwenye duka, Mlaleo
Salaam aleikum ndugu zangu. Nina duka la rejareja hapa Mlaleo, mwaka wa 11 sasa. Wiki iliyopita, baada ya isha, vijana saba waliingia na mapanga. Aliyetangulia hata ndevu hazijamwota. Alipiga panga kwenye mizani, sinia ikapindika, wenzake wakakomba mauzo ya siku nzima na simu mbili. Mama mmoja aliyekuja kupimiwa mafuta ya kupikia alikatwa mkono kwa kuchelewa kuachia mkoba. Damu yake iliingia kwenye gunia la maharagwe. Gunia nimelitupa, lakini harufu bado naisikia.

Tangu siku ile usingizi sina. Shemeji yangu ananihimiza niombe leseni ya bastola. Sheria ya Silaha, sura ya 114, inaruhusu ukiwa na sababu ya kutosha na ukishachunguzwa. Nauliza kwa dhati: raia wakishika silaha, mtaa unatulia au tunatia petroli motoni? Nyumbani nina mtoto wa miaka sita.

Kijana wa Tudor
Pole sana kaka, na pole kwa huyo mama. Mimi nasema omba. Kumbuka Westgate, lile jengo la maduka la Nairobi lililovamiwa na magaidi Septemba 2013. Watu 67 waliuawa, lakini wangekufa wengi zaidi kama si raia wenye leseni, kina Abdul Haji, walioingia na bastola zao pamoja na askari wachache kabla vikosi vikubwa havijajipanga. Mwenye panga habishani na mwenye risasi. Hawa vijana wanatukata kwa sababu wanajua hatuna kitu.

Mzee mstaafu, Likoni
Mwanangu wa Mlaleo, pole. Nimevaa sare ya polisi miaka 27, kwa hivyo nivumilie nikirefusha.

Usiku wa Agosti 13, 1997 kituo chetu cha Likoni kilivamiwa. Askari sita wakauawa, bunduki zaidi ya 40 zikabebwa. Wale askari walikuwa watu waliofunzwa, wana ghala la silaha na zamu ya usiku. Na bunduki zilizoibwa zikawageukia wananchi. Watu walihama Likoni na magodoro kichwani, wengine wakalala kanisani wiki nyingi. Sasa wewe una nini? Una droo ya pesa na kufuli.

Halafu nieleze: walipoingia, mikono yako ilikuwa wapi? Naamini mmoja ulishika mfuko na wa pili kijiko cha sukari. Kutoka mlangoni hadi kaunta ni hatua tatu. Bastola iko kiunoni, chini ya shati, na yule mama amesimama katikati yenu. Ukifyatua, risasi itampata nani? Sisi tulipelekwa uwanja wa shabaha mara kwa mara, na bado nimeona mwenzangu, mtu jasiri, akitetemeka hata risasi ikapiga ukuta.

Mtaa nao hauna siri. Wakijua unayo, safari ijayo hawafuati mauzo. Wanakuja kuichukua hiyo bastola, na watakuja wakati umelala. Weka vyuma kutoka kaunta mpaka dari, uza kupitia kidirisha, mauzo yatoe kabla ya magharibi.

Kijana wa Tudor
Mzee nakuheshimu, lakini vyuma havimlindi mteja aliyesimama nje. Na Uswisi je? Raia wana bunduki tele na mauaji ni machache.

Mzee mstaafu, Likoni
Hilo la mteja umenishinda, sina jibu lake. Uswisi wengi walifunzwa jeshini, na tangu 2007 risasi za jeshi walizokuwa wakiweka nyumbani zilirudishwa ghalani.

Muuguzi, zamu ya usiku
Huwa sichangii, lakini hapa siwezi kunyamaza. Nyote mnazungumzia mwizi. Marekani, ambako bunduki za raia ni nyingi kuliko raia wenyewe, mwaka 2021 risasi ziliua watu 48,830, na zaidi ya 26,000 kati yao walijiua wenyewe. Hapa kwetu tunaletewa watu waliotaka kujiua baada ya deni au ugomvi wa nyumbani. Wengi tunawawahi. Siku ya tatu nimeshawahi kuombwa uji na mtu aliyekuwa hataki kuishi, na nikampa huku nalia. Bunduki haikupi hiyo siku ya tatu.

Ndugu, umesema huna usingizi tangu siku ile. Kabla ya leseni, tafuta mtu uzungumze naye. Na yule mama, mkono wake unaendeleaje?

Mwenye duka, Mlaleo
Ahsanteni. Mama ameshonwa, vidole viwili bado havikunji. Jana nimempelekea unga na mafuta.

Fundi wa vyuma amekuja kupima leo asubuhi. Ya leseni nilikuwa bado nasitasita, basi juzi nikajaribu jambo. Kabatini ndiko nilikokusudia kuweka bastola, chini ya kanzu. Nikaweka hapo pakiti ya halua, nikafunga, ufunguo nikauficha ndani ya kofia juu ya kabati. Sikumwambia mtu. Niliporudi kula mchana nilimkuta mwanangu amekaa mkekani, mikono yote inanata.

Fomu nimemrudishia shemeji.