Tupeane uzoefu: programu ya zamani ilipokuonyesha saa ya uongo

MhasibuKampemba: Nimetoka kuprinti risiti ya mteja, nakuta tarehe 1 Januari 2002. Usiku umeme ulikatika, kashia akawasha mashini asubuhi bila kuangalia, akauza mpaka saa nne. Nyie mnaokokota programu hizi za mauzo kwenye Windows XP ya zamani, yenu iliwafanyia nini?

FundiKatuba: Batri ya ndani, CR2032, ile kama sarafu. Ikichoka, umeme ukikatika saa inarudi ilikozaliwa. Badilisha.

KashiaMstaafu: Yaya Fundi, si kila mara ni batri. Mimi nusura nilale kasho, mahabusu ya polisi.

Nilikuwa kashia kwenye depo moja ya sementi na mabati hapa Lubumbashi. Tunafungua saa mbili asubuhi. Jumatatu moja, mwisho wa Oktoba, patron (bosi) anatoa ripoti: mauzo sita kati ya 7h02 na 7h50, kwa jina langu. Ananiita mbele ya wateja, "Nani alikufungulia?" Akaitwa mlinzi, mzee wa watu, akaapa kwa watoto wake kwamba funguo hakuzitoa. Basi mmeshirikiana! Wiki nzima hivyo, kila siku mimi nauza mlango umefungwa. Stoki haikupungua hata mfuko, pesa zote zipo, lakini nani asikilize? Polisi walishapigiwa simu.

Aliyeniokoa ni kijana aliyekuja kutengeneza printa. Alibonyeza saa pale kwenye kona, akasoma: Brussels, Copenhagen, Madrid, Paris. "Papa, depo yako iko Ulaya?" Kumbe kila Machi Ulaya hiyo husogeza saa mbele kwa ajili ya kiangazi chao, ikawa sawa na yetu, ndiyo maana tangu Machi mashini ilisema kweli. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wao wakarudisha saa nyuma, mashini ikawafuata. Akaweka Harare, Pretoria, ikaisha. Mimi niliambiwa "rudi kazini". Mlinzi hakuombwa hata msamaha.

MamaRuashi: Yesu! Mzee wa watu.

Nyawera_Bukavu: Yetu pia ilikuwa Paris. Aliyeiweka alifuata Kifaransa tu.

FundiKatuba: Angesogeza saa kwa mkono, kesi imekwisha.

MhasibuKampemba: Mpaka intaneti irudi! XP hujilinganisha yenyewe kila wiki, inakurudisha pale pale. Na intaneti isipokuwepo, Machi inaruka mbele saa nzima.

Kinois_Halisi: Kongo ni moja, saa ni moja. Mngeweka ya Kinshasa.

KashiaMstaafu: Ndugu, Kinshasa ni UTC+1, yaani saa moja mbele ya saa ya kimataifa, huku mashariki ni +2. Ndiyo maana mnatupigia saa kumi yenu sisi tumeshashusha mlango.

Kinois_Halisi: Mnafunga mapema kwa uvivu, msisingizie saa 😂

MamaRuashi: Acheni utani. Farmasi yetu hufanya zamu ya usiku na seva iko Kinshasa. Dawa niliyouza 0h20 iliandikwa 23h20 ya jana. Kila asubuhi hesabu za kashia hazikubaliani, nikalipishwa mara mbili kabla ya kujua.

Nyawera_Bukavu: Mama, uliza kwanza programu inachukua saa wapi, kwenye seva au kwenye mashini yako. Zile kongwe za DOS, mfumo wa kabla ya Windows, husoma mashini uliyokalia. Sisi kila posti (kompyuta ya kashia) ikiwaka inapiga amri ya *net time* kuchukua saa ya seva, zote zinasema uongo mmoja.

FundiKatuba: Au bandika saa ya ukutani na ununue daftari.

MhasibuKampemba: Batri nimebadilisha, saa imesimama vizuri. Sasa zile risiti za 2002, nizifute?

FundiKatuba: Futa, uandike upya.

KashiaMstaafu: Usiguse! Namba zitaruka, utaitwa mwizi. Rekebisha kwa ingizo jipya, zile za zamani uziprinti uziweke kando.

MhasibuKampemba: Programu imenijibu "exercice clôturé", yaani mwaka wa hesabu umefungwa, hainiruhusu kufanya lolote. Na gari la patron ndilo hilo linapiga honi getini.