Elfu 15 ya kutangaza fundi wa stima Facebook msimu huu wa Krismasi: niitoe au niiache?

Nuru_ya_Kisauni:
Wadau salaam. Naomba ushauri wa haraka, siku zinayoyoma. Ni kazi ya stima, majumba ya watu na hizi fleti za wageni, kuanzia Kisauni, Nyali, Bamburi mpaka Shanzu. Disemba watu wa bara wanashuka na treni, fleti zinajaa, na kila mwaka kazi huenda kwa mafundi wale wale wanaojuana na makeateka. Safari hii nataka tangazo la kulipia, Facebook na Instagram, mpaka Mwaka Mpya. Nimetenga 15,000. Posta iko tayari: mti wa Krismasi, balbu za rangi, na maandishi makubwa "FUNDI ALIYEIDHINISHWA, SAA 24". Sasa nitoe pesa zote mara moja au kidogo kidogo? Na je, mtu wa Mombasa kweli huita fundi aliyemwona Facebook? Usingizi sina. Nisaidieni kwanza, matusi baadaye.

Baharia Mstaafu:
Mtu wa Mombasa huita fundi aliyeletwa na jirani. Mimi wangu aliletwa na shemeji, hakutangazwa popote. Swichi ya choo akaiweka ndani ya chumba cha wageni. Mpaka leo wakilala wageni, ukitaka kwenda chooni usiku lazima upige hodi kwanza. Shemeji akasema waya haukufika. Tukagombana, tukapatana Idi, swichi iko pale pale. Swali lilikuwa nini vile?

Mama Tausi:
Saa 24, ndiyo. Mafundi wa mji huu ukiwapigia saa nne asubuhi simu imezimwa. Tangazeni kwanza kupokea simu, halafu ndiyo mje na miti ya Krismasi.

Waya Mbili Nusu:
Yakhe, nijibu ulichouliza, maana hii kazi naila miaka. Kwanza toa huo mti. Hakuna anayeita fundi kumtundikia taa, hizo watu hutundika wenyewe. Krismasi fundi huitwa kwa sababu nyumba iliyokuwa na watu wawili ina watu tisa, shawa ya moto inawashwa asubuhi kutwa, na yule aliyeijenga aliipitishia waya wa soketi, ule mwembamba wa milimita mraba 2.5. Shawa ya kilowati 5 kwa voti 240 inavuta zaidi ya ampea 20, peke yake. Weka na AC, weka na birika, breka inaruka. Tena sisi tuko pwani, chumvi inakula shaba. Juzi nimefungua boksi la mita Bamburi, waya wa nyutro umeota kijani kama kutu ya senti, ukigusa unachezacheza, na plastiki pembeni imeshaanza kuwa hudhurungi. Piga picha kitu kama hicho kwa karibu, andika "Shawa ikiwashwa stima inakatika?" Hapo mtu anasimama, anasoma.

Pili, mgeni wa fleti haiti fundi, anampigia mwenye fleti. Mwenye fleti wengi wao wako Nairobi. Kwa hivyo sehemu ya pesa itangaze kwa watu wa Nairobi, na uitoe mapema, kabla ya tarehe 20, wakati wanatayarisha nyumba. Ukisubiri Boxing Day utakuwa unawatangazia watu walio ufuoni.

Tatu, lile duara la Facebook la kuchagua tangazo lionekane wapi halijui bahari. Ukiliweka kilomita 15 kutoka Kisauni linakumba Likoni, na wa Likoni huyo unamfikia kwa feri. Sogeza kitovu kaskazini.

Nuru_ya_Kisauni:
Waya, Mungu akuweke. Lakini mti siutoi, nimeshalipa aliyechora. Tena taa za Krismasi zina wateja. Zile za Kichina za voti 110 ni rahisi, unachomeka ukutani zinawaka. Pia iko video nzuri ya kazi ya Bamburi, watoto wa mwenye nyumba wanaruka taa zikiwaka. Nayo niiweke?

Kadogo wa Tudor:
Watoto wa watu usiwaweke bila idhini ya wazazi. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja shilingi milioni 4.55 kwa jambo hilo hilo. Halafu, umeandika "aliyeidhinishwa". Na nani? Leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, ni daraja gani?

Nuru_ya_Kisauni:
Leseni ipo. Mimi nimeuliza habari ya tangazo.

Kadogo wa Tudor:
Ipo kwa jina la nani?

Baharia Mstaafu:
Kimya hicho nakijua. Shemeji yangu alikuwa nacho.

Nuru_ya_Kisauni:
Haya. Namba ya leseni iliyo kwenye posta ni ya bosi wa zamani. Yuko Qatar, na mwenyewe alisema itumike tu, haina neno. Kazi ni ile ile aliyoifundisha, mikono ni ile ile. Nyumba ngapi Mombasa zimewaka kwa mikono hiyo na hakuna aliyelalamika. Na fulana zimeshachapishwa na hiyo namba mgongoni. Na kuna mama wa fleti Nyali keshatuma arubuni. Mnataka nimrudishie?

Kadogo wa Tudor:
Tangu Sheria ya Nishati ya 2019, na hata kabla yake, kufunga stima bila leseni yako mwenyewe ni kosa. Kutumia ya mwenzio na kuilipia tangazo ni kujipeleka kituoni kwa teksi. EPRA wenyewe huweka majina ya wenye leseni mtandaoni. Huyo mama wa Nyali akitafuta ile namba atapata jina la mtu aliye Qatar.

Mama Tausi:
Riziki ya jina la mtu haina baraka. Wangu alikuwa dereva kwa leseni ya nduguye, wakafanana mpaka walipokutana na askari aliyesoma na nduguye darasa moja.

Kijana wa Mtwapa:
Fulana vaa ndani nje.

Kunguru wa Mwembe Tayari:
Nyote mnapigwa chenga. Someni tena pale juu: taa za voti 110, "unachomeka ukutani zinawaka". Kwa 240 ya Kenya zinawaka kweli, mara moja tu, halafu unatafuta ndoo ya mchanga. Fundi hata wa kuokota hawezi kusema hivyo. Na hajasema popote "mimi ni fundi". Ni "kazi ya stima", ni "mikono ni ile ile". Mikono ya nani? Huyu ni mtu wa matangazo, uzi huu ndio tangazo lenyewe. Ngojeni, hazipiti siku mbili ataweka namba ya simu.

Kijana wa Mtwapa:
Wallahi. Kulikuwa na fundi bomba hapa alilia hivi hivi, mwisho akatuuzia kozi.

Baharia Mstaafu:
Ina maana nimemsimulia tapeli habari za shemeji yangu?

Waya Mbili Nusu:
Hata mimi ile 110 ilinikaba nikanyamaza. Nuru, sema.

Nuru_ya_Kisauni:
Sina kozi wala namba siweki. Fundi ni mume wangu. Mimi nauza viazi karai jioni, na hiyo 15,000 imetoka kwenye karai, haikutoka kwake. Hizo taa niliziona kwenye boksi dukani, nikajua taa ni taa. Yeye posta ameiona, anadhani ni ya stetasi ya WhatsApp. Hajui habari ya kulipia. Nikimwambia atasema tungoje apate leseni yake, na amekuwa akingoja tangu nimjue, na Januari karo haingoji. Kwa hivyo msinambie nisianze. Nimeanza. Elfu tano inatembea tangu jana.

Mama Tausi:
Mamaangu. Na simu inaita kwa nani?

Nuru_ya_Kisauni:
Kwangu.

Waya Mbili Nusu:
Dada, basi fanya hivi leo. Fungua hilo tangazo, lisimamishe, pesa iliyobaki hailiwi. Ondoa "aliyeidhinishwa" na uondoe hiyo namba ya leseni. Arubuni ya Nyali usiirudishe bado, mwambie mama huyo kazi itasimamiwa na mwenye leseni. Mimi ninayo, tutaelewana na mumeo, mradi niongee naye mwenyewe. Na maombi yake ya leseni aanze sasa, asingoje msimu uishe.

Kadogo wa Tudor:
Kuelewana maana yake uende ukaisimamie kazi kwa macho, Waya, si kukodisha namba.

Waya Mbili Nusu:
Kwani nimesema nini?

Nuru_ya_Kisauni:
Kuna mtu wa Likoni anapiga mara ya pili. Anasema soketi inatoa moshi.

Waya Mbili Nusu:
Azime swichi kuu, asiiguse soketi, atafute fundi wa huko huko. Halafu mpe mumeo simu.

Kunguru wa Mwembe Tayari:
Mimi bado siamini. Hivyo viazi unauzia wapi hasa?