Mvumo wa 50 Hz kwenye usanisi wa chembe: ni stima au ni kodi (msimbo) yangu?

Ngara_Masikio

Wadau, habari za jioni. Natayarisha sauti ya filamu fupi. Mwelekezi anataka mvua ya dakika mbili isiyokatika, kisha honi ya matatu iyeyukie ndani yake. Rekodi nilizo nazo ni mbili: mvua kwenye paa la mabati, sekunde 6, na honi, sekunde 2. Zote ni mono (chaneli moja), sampuli 48,000 kwa sekunde (48 kHz). Natumia SuperCollider, programu ya kutengeneza sauti kwa kuandika kodi, na mstari wa mvua ni huu:

`{ GrainBuf.ar(2, Impulse.kr(50), 0.02, b, 1, Line.kr(0, 1, 120)) }.play;`

Yaani GrainBuf inakata sauti iwe chembe (vipande vidogo), 50 kwa sekunde, kila moja milisekunde 20, na faili inasomwa polepole hadi ifike dakika mbili. Kuna mvumo mzito ambao kichanganuzi kinauonyesha 50 Hz, kwa hiyo nashuku stima. Tena niliomba mvua ya rasharasha, nimepata bunduki ya rasharasha. Nikirefusha chembe, bunduki inazidi na sauti inapasuka. Waya za spika nimeshabadilisha. Nianzie wapi?

FundiMawimbi

Kabla hujateremka barabara ya Luthuli kununua waya nyingine, badilisha `Impulse.kr(50)` iwe `Impulse.kr(37)`. Stima ya Kenya ni 50 Hz na haitahama kwa sababu yako. Mvumo ukihamia 37, unatoka kwenye chembe zenyewe.

Nami naamini utahama. Mipigo ya mpangilio sawa ikizidi takriban 20 kwa sekunde, sikio huacha kuihesabu mmoja mmoja na kuanza kusikia noti. Chembe zako zinapigwa kila baada ya milisekunde 20 kamili, na kwa kuwa faili inasomwa polepole mno, kila chembe ni karibu nakala ya iliyotangulia. Umetunga noti ya 50 Hz bila kukusudia, ikaangukia namba ya stima.

Sasa zidisha idadi ya chembe kwa sekunde na urefu wa chembe: 50 × 0.02 = 1. Hiyo ndiyo idadi ya chembe zinazosikika kwa wakati mmoja. Usipotaja umbo la chembe, GrainBuf hutumia la Hann, linaloanza kimya, likapanda, likarudi kimya. Chembe zikifuatana bila kupandana, sauti inazimika na kuwaka mara 50 kwa sekunde. Zikipandana mbili mbili, maumbo ya Hann yanajazana na kuzimika huko kunakwisha. Lakini noti haitaondoka mpaka uvunje mpangilio wa muda: toa Impulse, inayopiga kwa mpangilio sawa, weka Dust, inayopiga kwa nasibu.

Ila Dust ina gharama yake. Chembe zikija kwa nasibu, kuna nyakati hakuna hata moja inayosikika. Kwa wastani wa chembe 2 kwa pamoja, karibu 13.5% ya muda ni kimya kitupu. Kwa 4 ni kama 1.8%, kwa 6 ni kama 0.25%. Ukitumia Dust, usishuke chini ya 6.

Kayole_Desibeli

Ama weka mwangwi mrefu juu yake. Mwangwi hufunika matundu yote ya kimya, na ni kazi ya sekunde kumi.

FundiMawimbi

@Kayole_Desibeli matundu utayafunika, noti huifuniki. Mvumo wa 50 Hz ukiupitisha kwenye mwangwi utapata mvumo wa 50 Hz wenye mkia. Mwangwi uje mwisho, wingu la chembe likishakaa sawa.

mwana_wa_bafa

Niongeze kuhusu bunduki, maana hilo ni tatizo tofauti na mvumo.

Sekunde 6 kuwa 120 maana yake faili inasomwa kwa kasi ya 0.05. Chukua tone moja la mvua. Chembe ina urefu wa milisekunde 20, na kwa kasi hiyo msomaji (mahali programu inaposoma faili) huchukua milisekunde 400 kulipita tone hilo. Katika muda huo zinazaliwa chembe 20, zote zina tone lilelile ndani yake. Ndiyo bunduki yako. Ukirefusha chembe hadi milisekunde 120, msomaji atalipita tone kwa sekunde 2.4, na tone moja litarudiwa mara 120. Kumbe ulipokuwa unarefusha chembe ulikuwa unaongeza risasi.

Dawa ni kutawanya mahali pa kusoma. Kila chembe ichote sehemu tofauti, kwa umbali unaozidi mwanya kati ya tone na tone:

`{ GrainBuf.ar(2, Dust.kr(50), 0.12, b, 1, Line.kr(0.1, 0.9, 120) + WhiteNoise.kr(0.07), 2, WhiteNoise.kr(0.8)) * 0.3 }.play;`

Mahali huandikwa kuanzia 0 hadi 1 kwa faili nzima, kwa hiyo 0.07 ya sekunde 6 ni sekunde 0.42 kila upande. WhiteNoise hutoa namba za nasibu; ya mwisho hutawanya chembe kushoto na kulia. Chembe hupewa thamani hizo inapozaliwa, kwa hiyo haiyumbi ikiwa hewani.

Kupasuka nako kuna hesabu. Chembe 6 zisizofanana zikijumlishwa huongeza kama desibeli 8 juu ya chembe moja. Zikifanana, na zako zilikuwa zinafanana, zinaweza kufika karibu desibeli 16. Ile `* 0.3` inashusha kama desibeli 10.5.

Jambo moja kabla hujaendelea: kata sehemu za kimya mwanzo na mwisho wa rekodi. Chembe ikichota kimya, wingu linatoboka hata kama hesabu yako ni sahihi. Na mngurumo wa upepo ulio chini ya 80 Hz uuchuje kwenye faili mapema, kwa sababu chembe 6 kwa pamoja zitaukuza nao.

Ngara_Masikio

Mvumo umehamia 37 kweli! Waya za watu nimezisingizia. Mstari mpya umenipa mvua hasa, na bunduki imenyamaza. Lakini nikiipitisha honi kwenye mipangilio hiyohiyo inakuwa uji, haitambuliki kama honi. Na yule jamaa wangu aliyenitumia honi nyingine, faili yake haitoi sauti kabisa, wala hakuna ujumbe wa kosa unaonieleweka.

mwana_wa_bafa

Faili ya jamaa bila shaka ni stereo. GrainBuf inataka bafa (sauti iliyopakiwa kwenye kumbukumbu, ile `b`) ya chaneli moja, ukiipa mbili inakaa kimya. Isome hivi, na usubiri ipakiwe kabla ya kuendesha mstari unaofuata:

`b = Buffer.readChannel(s, "/njia/honi.wav", channels: [0]);`

Honi si mvua. Mvua ni kelele, unaweza kuikatakata utakavyo na ikabaki mvua. Honi ina noti, na noti inahitaji muda ili isikike. Sauti ya 100 Hz hukamilisha wimbi moja kwa milisekunde 10. Chembe ya milisekunde 5 itabeba nusu ya wimbi, na sikio halitajua ni noti gani. (Dennis Gabor aliyaandika haya miaka ya 1940, kabla hatujawa na kompyuta za kuyatenda: ukibana muda, masafa (frikwensi) yanatapanyika.) Tena chembe zikichotwa mahali pa nasibu mawimbi yake hayakutani sawasawa, sauti inakwaruza. Chembe ndefu hupunguza mkwaruzo huo. Kwa honi anza na milisekunde 200.

Mtawanyiko uanze mdogo, honi itambulike, kisha upanuke taratibu. Huko ndiko kuyeyuka:

`{ GrainBuf.ar(2, Dust.kr(40), 0.2, b, Line.kr(1, 0.5, 40), 0.5 + WhiteNoise.kr(Line.kr(0.01, 0.25, 40)), 2, WhiteNoise.kr(0.7)) * 0.15 }.play;`

Kwa sekunde 40 honi inashuka oktevu moja (masafa yake yanakuwa nusu), na mtawanyiko unatoka milisekunde 20 hadi 500 kila upande. Ile 0.5 ni katikati ya faili, hakikisha hapo honi imeshikilia. Ikiwa dereva alikuwa ameshaachilia kidole, sogeza namba hiyo nyuma.

Kushusha oktevu kuna bei: rekodi ya 48 kHz haina sauti juu ya nusu yake, 24 kHz, na ukiishusha oktevu haina kitu juu ya 12 kHz. Itafifia. Kwenye filamu yako huenda hilo likakufaa, honi inazama mvuani.

Kayole_Desibeli

Na asiyetaka kuandika kodi ajaribu EmissionControl2, ya Curtis Roads na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara. Ni ya bure na ina vitelezi. Hesabu ya kupandana ni ileile. Mwangwi nimeurudisha mwisho wa foleni.